Mwaka wa Sanduku la Nyasi

Wajukuu wangu hapa Kapsoya wananicheka kwa jambo moja: sili maharagwe ambayo sikuuona moto wake. Nikialikwa harusini nauliza yalichemka kwa muda gani, na kama yalilowekwa usiku kucha, mpaka wenyeji wananuna. Nikiletewa sahani nachukua punje moja, naipasua kwa ukucha, natazama ndani. Wajukuu wameniita Inspekta, na mimi nimekikubali cheo, maana mshahara wake ni uhai. Juzi tulipomzika Mama Rael kule Cheptiret nilifanya vilevile. Kabla sijaingia kuuaga mwili nilizunguka nyuma ya nyumba, walipokuwa vijana wa upishi na masufuria yao makubwa, nikasimama kusikiliza. Sufuria ya maharagwe ilikuwa inatokota kwa nguvu, mfuniko unarukaruka. Kijana mmoja akaniita gogo, yaani bibi, akaniuliza, "Gogo, umekuja kuonja ama kulia?" Nikamwambia nimekuja kwa yote mawili. Baadaye Rael mwenyewe, binti wa marehemu, akaniomba niseme neno mbele ya watu, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki kati ya walioishi na mama yake ujanani. Nikasimama, nikasema alikuwa mama mcha Mungu na mchapakazi, nikaketi. Hakukuwa na uongo katika maneno yale, lakini ukweli pia haukuwemo. Kwa miaka zaidi ya sitini nimelikwepa jambo moja, na pale mbele ya jeneza nikalikwepa tena. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilivyofika huku kutoka magharibi si hadithi ya leo. Shamba lilikuwa la Kaburu mmoja, upande wa kwenda Ainabkoi, ngano tupu mpaka macho yachoke. Nilianza kwa kuosha vyombo jikoni kwa memsabu, mke wa Kaburu huyo, kisha mavuno yalipokaribia nikahamishiwa jiko la vibarua, kusaidiana na Mama Rael. Alikuwa mjane wa Kinandi, wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno machache na sauti kubwa. Msichana asiyeolewa hakuachwa alale peke yake kambini, kwa hiyo niliwekwa kwake, katika nyumba ya duara yenye kitanda cha fito, kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ukutani, na mtoto Rael wa miaka minne aliyenipiga mateke usingizini. Chini ya dari kulikuwa na mafungu ya mizizi na magome. Mama Rael aliijua mizizi. Watoto wenye tumbo waliletwa kwake, na wazazi walewale, mtoto akishapona, walimwita mchawi wakiwa njiani kurudi kwao. Mimi niliyekuja na Biblia na kanzu mbili nilimwogopa. Majuma ya kwanza nililala na Biblia chini ya shingo, na ilikuwa ngumu kweli, lakini niliona afadhali shingo iume kuliko roho.

Ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari, wapigania uhuru wakiwa msituni. Kwetu huku hatukusikia bunduki, lakini hofu ilikuwa imefika kabla ya bunduki. Nilipokuwa bado kwa memsabu alianza kunitaka ninywe kijiko cha supu mbele yake, kisha asubiri akinitazama, ndipo aipeleke mezani. Hakusema kwa nini. Hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mtu alijua kwamba neno sumu, likitamkwa katika shamba la Mzungu mwaka ule, halingeisha kwa kofi na kufukuzwa. Mtu angepakiwa nyuma ya gari la askari, na hatungejua alikopelekwa.

Jiko la vibarua lilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, mafiga yenye kupokea masufuria ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake, na ghala dogo la mbao ubavuni. Wakati wa mavuno wanaume arobaini kasoro walikula hapo saa tano asubuhi, maana walikuwa shambani tangu alfajiri. Siku nyingine ugali na mboga, siku nyingine mahindi na maharagwe. Maharagwe ya shamba lile yalikuwa mekundu, makubwa, magumu, na huku juu kwenye baridi yetu maharagwe huchelewa kuiva kuliko kule nilikotoka. Mama Rael alikuwa na taratibu yake. Aliyaloweka jioni, asubuhi akamwaga maji yale mekundu mbali na jiko, akatia maji mapya, kisha akasukuma kuni mpaka sufuria ipige kelele. "Maharagwe inataka moto ya kelele," aliniambia. "Ikinyamaza, ongeza kuni." Nilimwuliza sababu. Akasema mama yake hakumpa sababu, alimpa kofi tu siku aliposahau.

Kisha nyapara wetu, Barasa, akapunguza kuni. Miti ya miwati ilitakiwa kwa kuuzwa, akasema, na kuanzia Jumatatu jiko litapewa mizigo miwili badala ya mitano. Mama Rael alimfuata mpaka katikati ya uwanja, wanaume wote wakiwa wameketi wakisubiri sahani zao. "Kuni mbili kwa watu hawa wote? Basi mtakula mbichi!" akapaza sauti. "Mtakula mbichi, na tumbo zenu ndiyo zitawaambia!" Wanaume wakacheka. Barasa hakucheka. Nami nilikuwa nimeshika mwiko, nikiwaza kwamba kumbe mimi ninayo dawa ya shida hii.

Dawa yenyewe ilikuwa sanduku la nyasi. Memsabu alikuwa nalo jikoni kwake: sanduku la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu, na katikati shimo la kuingia sufuria. Ulichemsha uji kidogo tu, ukauweka humo, ukafunika kwa mto wa nyasi, na asubuhi uliukuta mzito, moto, tayari. "Hapana taka kuni," memsabu alinifundisha. "Nalala, naiva." Nyama pia ilikubali. Nikamweleza Mama Rael, akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemjua. "Maharagwe si uji," akasema. Lakini kuni zilikuwa zimepunguzwa, na mimi nilikuwa na kiburi cha msichana aliyewahi kupika kwa Mzungu. Nikatafuta masanduku mawili makubwa ya mbao ghalani, nikayajaza nyasi, nikayashindilia kwa miguu huku Rael mdogo akirukaruka pamoja nami. Jioni ile sikuloweka kitu. Niliyachemsha maharagwe na mahindi mpaka yakaanza kutoa povu, nikaondoa sufuria kabla kuni hazijaisha, nikazizika zote mbili ndani ya nyasi. Nilikwenda kulala nimeridhika sana.

Asubuhi tulifunua sanduku la kwanza. Mvuke ukatoka, harufu ilikuwa nzuri, maganda yalikuwa laini. Mama Rael akaingiza punje mdomoni, akatafuna, akatema. "Ndani bado. Inalia kwa meno." Nikamwambia zitaendelea kuiva tumboni. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, na nikacheka. Alitaka turudishe sufuria motoni kwa zile kuni chache za mchana, lakini wanaume walikuwa wameshafika, na Barasa akasimama na saa yake mkononi. "Pakua, Mama. Wanaume wana meno." Tukapakua. Walipoondoka, Mama Rael alirudisha mabaki juu ya mafiga, akatia kuni zote zilizobaki, akayachemsha kwa kelele yake mpaka yakapondeka. Desturi ya jiko letu ilikuwa hiyo: wanaume kwanza, wapishi na watoto mwisho. Karibu saa saba tukala, yeye, mimi na Rael, tukashiba, kisha yaliyobaki tukayafunika.

Nilikuwa bado nalamba kijiko nilipomwona Kiprono anakuja kutoka shambani. Alikuwa kijana mrefu, ameoa mwaka uleule, mtu wa kuimba akivuna. Alikuwa anatembea ameinama, mkono mmoja tumboni. Alifika kwenye nguzo ya jiko, akaishika, akatapika. Nyuma yake wakaja wawili, kisha watano, kisha sikuhesabu tena. Walitapika kwenye majani, kwenye mapipa, kwenye kofia zao. Wengine hawakuwahi chooni. Uwanja ule ulikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena, ya wanaume wazima wakiwaita mama zao kwa lugha nne. Kiprono alilala ubavu, midomo imekuwa ya majivu, na mkewe, msichana wa rika langu, alikuwa anamshikilia kichwa na kusema, "Usiende, usiende." Nilijua tu kwamba anakufa. Nilibeba maji, nikayamwaga njiani, nikarudi kubeba mengine.

Barasa hakula chakula cha jiko, mkewe alimpikia, kwa hiyo alikuwa mzima. Alimtuma mtu kwa baiskeli kwenda mjini, mji huu ninaokaa leo, ambao wazee wakati ule waliuita Sisibo, kumtafuta Bwana, yule Kaburu mwenye shamba, aliyekuwa amepeleka ngano. "Mwambie arudi na askari," nikamsikia akisema. Niliingia ghalani, nikaketi sakafuni nyuma ya magunia. Ukuta wa mbao ulikuwa na nyufa, na upande wa pili walikuwa wamesimama watatu au wanne wasioumwa sana.

"Wapishi wamekula?"

"Wamekula. Chakula ya sufuria hiyohiyo. Nimeona kwa macho yangu."

"Na hawaumwi?"

"Hata yule mtoto haumwi."

Kisha sauti nyingine, ya chini: "Si alisema? Si alituambia tumbo zetu zitatuambia? Mama ya mizizi."

"Bwana akikuja atampeleka. Asipompeleka, sisi tuko."

Nimezeeka nikiwa nimeona mengi ya kuogopesha, lakini mwili wangu haujawahi kuwa baridi namna ile. Walimtoa Mama Rael uwanjani, wakamketisha kwenye gogo. Hakuna aliyempiga, bado. Barasa akasema kama chakula ni kizuri, ale mbele ya watu. Akachota yale yaliyobaki chini ya sufuria, yale yaliyochemka mpaka kupondeka. Mama Rael akala sahani nzima, polepole, akitazama mbele. Wakangoja. Saa ikapita. Aliendelea kuketi vilevile, na jinsi alivyozidi kuwa mzima ndivyo nyuso zao zilivyozidi kuwa mbaya. Mtu mmoja akasema alichojua kila mmoja kwamba kitasemwa: "Amekula dawa kwanza. Ndiyo maana." Mtoto Rael akaanza kulia, na mama yake hakuruhusiwa kumshika.

Sasa niseme kile nilichoshindwa kukisema Cheptiret. Mimi nilijua. Si tangu mwanzo. Mwanzo nilikuwa na hofu tupu, na hofu haifikiri. Lakini pale nyuma ya magunia, nikimtazama Mama Rael kupitia ufa akila bila kudhurika, kitu kikajipanga chenyewe kichwani. Wao walikula yaliyotoka kwenye nyasi. Sisi tulikula yaliyotoka kwenye nyasi na kurudi motoni. Hakuna kingine kilichokuwa tofauti. Na aliyeleta nyasi ni mimi. Nilielewa hivyo, wazi kabisa, na nikabaki nimeketi. Nilijiambia kwamba huenda nimekosea. Nilijiambia kwamba yeye ni mtu mzima, atajitetea, na kwamba mimi nikisema nitapakiwa kwenye gari la askari, mimi na Biblia yangu. Nilijiambia hata kwamba huenda ni kweli ni mchawi. Nilikaa pale na ukweli mdomoni kwa muda ambao ngano ya gunia moja ingepepetwa na kufungwa, na ufa ule ulikuwa unanionyesha mtoto analia.

Kilichoninyanyua hakikuwa ushujaa. Mke wa Kiprono aliokota jiwe. Hakulitupa, alilishika tu, na niliona mtu mwingine anainama kuokota lake. Nikatoka ghalani nikikimbia, nikafungua sanduku la pili, lile tulilokuwa tumelitunza kwa chakula cha jioni. Lilikuwa bado na joto la uvuguvugu. Nikachota sahani mpaka ikafurika.

"Ni hii!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Ni sanduku yangu. Mama Rael alikataa, mimi ndiye nilileta. Haya hayajaona moto. Yale alikula yeye yameona moto. Nitakula haya, nyinyi mnione. Nikiwa mzima, fanyeni mnavyotaka."

"Nafula, wacha," Mama Rael akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu wamketishe.

Nikala. Yalikuwa matamu, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, matamu, yana chumvi ya kutosha, na kila punje ililia kidogo chini ya jino. Nilimaliza sahani, nikaketi chini katikati ya uwanja, na watu wote wakanitazama. Hakuna kungoja kubaya kama kungoja tumbo lako mwenyewe. Niliomba niugue, kisha nikaomba nisife, kisha nikaona maombi hayo yanagombana. Jua lilikuwa bado juu ya miwati nilipoanza kuugua. Kwanza mate yalijaa mdomoni. Kisha tumbo likageuka kama gunia linalopinduliwa, na nikatapika mpaka nikaona nyota, nikatapika maji, nikatapika uchungu mtupu wa kijani. Mtu akashika kichwa changu. Alikuwa mke wa Kiprono, na mkono wake ulikuwa hauna jiwe.

Gari la Bwana lilifika na askari wawili wakati wanaume wa kwanza walikuwa wameanza kuketi na kuomba maji. Kiprono alikuwa ameketi pia, ameegemea nguzo, anauliza kofia yake iko wapi. Barasa akaeleza kwa haraka, maana hakutaka kuulizwa habari za kuni. Bwana akalisogelea sanduku, akalitazama kwa muda mrefu, akafukua nyasi kwa kiatu.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Memsabu," nikasema, nikatapika tena karibu na kiatu hicho.

Hakuuliza swali jingine. Askari walipewa chai, wakarudi zao. Kesho yake mizigo mitano ya kuni ilikuwa jikoni, na hakuna aliyesema neno lolote, si Bwana, si Barasa. Wala hakuna aliyemwomba Mama Rael msamaha. Walileta tu watoto wao kama zamani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watu wazima, afisa wa afya alikuja kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Alituambia kwamba maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, imo ndani ya punje tangu shambani, haikutiwa na mtu. Tuyaloweke, akasema, tumwage maji yale, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya nusu saa, na kuendelea mpaka yaive. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, na kama yamepata joto kidogo tu, la kulainisha ganda? "Hapo, Mama, ni hatari kuliko hata mbichi," akajibu. "Joto dogo linaichochea." Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta wa kanisa, kwa sababu sasa nilikuwa na hakika kwamba nilikaribia kuua wanaume wale, na kwamba kwa mikono ya wanaume hao nilikaribia kumwua mwanamke mmoja.

Lakini jioni ile ya sanduku sikujua hayo. Nililala kwenye kitanda cha fito, Rael amelala miguuni pangu bila mateke hata moja, na Mama Rael alikuwa akininywesha maji yenye chumvi kwa kijiko, kimoja kimoja, akingoja kila kijiko kikae. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana nilithubutu kumwuliza.

"Ulijua ni sanduku?"

"Nilijua tangu Kiprono ashike nguzo."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nikisema mimi, watasema mchawi anasingizia mtoto wa watu." Akanipa kijiko kingine. "Ilitakiwa aseme yule aliyeleta. Niliona macho yako kwa ule ufa. Nikasema, wacha ningoje."

Nilitaka kuziba masikio, lakini swali lilikuwa limeshatoka. "Na kama ningenyamaza?"

Akachochea moto, akafikiri, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu.

"Kama Mungu angenitoa pale, ningeshika Rael mkono, twende. Mimi nimezoea kufukuzwa." Akaweka kijiko ndani ya kikombe. "Lakini wewe ungebaki hapa na hiyo sanduku, na kesho ungepikia watu."

Nikageukia ukuta. Mchana kutwa nilikuwa nimewaogopa wanaume wale, na askari, na kifo. Usiku ule ndipo nilipoanza kujiogopa mwenyewe.